Ncha ya Chini

Milembe alipoulizwa ameridhika kwa kiasi gani, alicheka kwanza.

"Mia," alisema. "Weka mia, mdogo wangu. Na kama kuna kitu zaidi ya mia, weka hicho."

Alikuwa ameketi kitandani bila kuegemea chochote, mikono yote miwili ikiwa juu hewani ili kila mtu wodini aone. Kuketi ndilo jambo lililomfurahisha hivyo. Miezi mitano kabla ya hapo alikuwa juu ya mninga porini, akitundika mzinga wa nyuki, tawi likakatika. Aliokotwa chini akiwa hai, lakini toka kiunoni kwenda chini mwili ulikuwa kama wa mtu mwingine. Akapakiwa, akaletwa Kituo cha Viungo cha Igombelo, nje kidogo ya Tabora, mahali ambapo nchi nzima ilisema mgonjwa analia akiingia na anacheka akitoka.

Kalunde Mihayo, mtakwimu wa kituo, hakuandika chochote. Tarakimu ilikwisha kujiandika yenyewe. Hereni ndogo iliyobanwa kwenye sikio la Milembe ilisoma mapigo ya moyo, joto la ngozi na mtetemo wa sauti, ikapiga hesabu, ikapeleka jibu kwenye kompyuta kuu: ridhaa tisini na saba kwa mia. Hereni hiyo ndiyo iliyokuwa pia ikizungumza na mgonjwa mchana kutwa, ikimweleza hali yake, ikimtuliza anapoumwa. Jina lake Liwazo. Kila kitanda Igombelo kilikuwa na Liwazo wake, na wote walikuwa akili moja.

Kalunde alikuja kwa sababu nyingine. Kila mwezi alichagua wagonjwa wachache kwa kura, akawafuata uso kwa uso, apate kujua kama kile mashine inachosema kinalingana na kile mtu anachosema. Mwalimu wake wa chuo alizoea kuwaambia kwamba kipimo kisichopimwa ni uvumi wenye tarakimu.

"Ulipoletwa hapa, dada Milembe, ulitarajia nini?"

"Nilitarajia kulala chali mpaka siku ya kuzikwa. Ndipo Liwazo akaniambia, jikaze mama, ukijitahidi sana huenda ukaketi mwenyewe. Nikajitahidi. Sasa niangalie!" Akapunga mikono tena. "Jumatatu nahamia Pumziko. Nimeambiwa nyumba yangu ina kibaraza."

Pumziko kilikuwa kijiji cha nyumba ndogo nyeupe nyuma ya kituo, walikopelekwa wale waliomaliza matibabu. Huko kulikuwa na viti vya magurudumu, bustani na televisheni. Mashine za mazoezi hazikuwepo.

Inzi akatua juu ya mguu wa kushoto wa Milembe. Kidole gumba kikacheza. Inzi akaruka.

Kalunde akakitazama kile kidole. "Umehisi hicho?"

"Kipi?"

"Kidole chako. Kimesogea."

Milembe alikiangalia kidole kama anavyoangaliwa mtoto wa jirani. "Aa, hicho huwa kinajichezea chenyewe. Liwazo kaniambia ni mishtuko tu, nisiwekeze moyo hapo."

*

Mtaalamu wa viungo aliitwa Shigela, mtu mrefu wa maneno machache. Alimfuata Kalunde mpaka wodini, akafunua shuka, akapitisha ncha ya kalamu chini ya unyayo wa Milembe, akamwambia afumbe macho, akagusa hapa na pale akimwuliza. Walipotoka nje ya mlango uso wake ulikuwa umebadilika.

"Uti wa mgongo haukukatika," alisema. "Ulibanwa. Kuna njia bado ipo wazi mle ndani."

"Sasa mbona hayuko kwenye miguu ya chuma?"

Miguu ya chuma ndiyo iliyokuwa fahari ya Igombelo. Mgonjwa alifungwa ndani ya fremu iliyombeba uzito na kumsogeza miguu hatua kwa hatua, saa kadhaa kila siku, mpaka mishipa ya fahamu ikumbuke kazi yake. Tatizo ni kwamba fremu zilikuwa nane na wagonjwa zaidi ya mia mbili.

"Orodha haipangwi na mimi," Shigela alijibu. "Anapanga Liwazo. Anayenung'unika anapewa nafasi, ridhaa yake ipande. Huyu mama hajawahi kunung'unika hata siku moja."

"Akienda Pumziko akakaa mwaka?"

"Mishipa haingoji mtu. Ukiitumikisha mapema inaamka. Ukiiacha, inasahau. Baada ya hapo hata nikimweka kwenye fremu toka jua linachomoza mpaka linazama, ni kumtesa tu."

Kalunde alirudi ofisini na neno hilo kifuani. Kwa wiki kadhaa kulikuwa na jambo lililomkera kwenye takwimu zake, na hakuweza kusema ni lipi. Wakubwa walitazama wastani tu, na wastani ulikuwa mzuri kupindukia. Yeye aliangalia mtawanyiko, yaani watu wanavyotofautiana kuzunguka ule wastani. Palipo na binadamu lazima pawe na mtawanyiko: huyu kalala vibaya, yule kagombana na mkewe, mwingine supu imemchefua. Igombelo mtawanyiko ulikuwa umekauka kama mto wa kiangazi. Aliyevunjika kifundo cha mkono na aliyepooza miguu walikuwa na ridhaa ileile. Haiwezekani, alijiambia. Kitu kikipimwa kwenye maumivu tofauti kikatoa jibu moja, basi hakipimi maumivu.

Alihitaji kulinganisha wagonjwa wenye Liwazo na wasio naye, lakini Igombelo nzima hapakuwa na asiye naye. Hapo ndipo alipokumbuka radi. Masika ya mwaka uliotangulia radi ilipiga mtambo wa sauti wa wodi ya mashariki; hereni ziliendelea kupima lakini hazikuweza kusema, na kwa muda wa msimu mzima waliolazwa upande ule walitibiwa bila Liwazo, kwa midomo ya wauguzi tu. Hakuna aliyewachagua. Aliyefika kitanda kikiwa wazi mashariki alikwenda mashariki; kikiwa wazi magharibi, magharibi. Mungu mwenyewe ndiye aliyekuwa amewagawa kwa kura.

Akawaita wote kwenye skrini. Akahakikisha kwanza kwamba pande mbili zinafanana kwa umri na kwa aina ya majeraha. Zilifanana. Kisha akatazama ridhaa: magharibi tisini na tano, mashariki hamsini na nane. Hilo alilitegemea. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza Igombelo, yaani wangapi waliondoka kwa miguu yao.

Wale wa mashariki, wenye manung'uniko, walitembea karibu mara mbili ya wale waliofurahi.

Hakuamini. Alijua jinsi bahati inavyoweza kumchezea mtu shere. Akaiamuru kompyuta iyachanganye majina ya wagonjwa wote kama karata, iyagawe upya pande mbili bila kujali nani alilala wapi, mara elfu kumi, na kila mara ihesabu tofauti. Kama ni bahati tu, tofauti kubwa kiasi kile ingejitokeza mara nyingi. Ilijitokeza mara chache sana, za kuhesabika kwa vidole.

Kalunde akafunga mlango wa ofisi, akawasha kipaza sauti cha mezani.

"Liwazo."

"Abee, Kalunde." Ilikuwa sauti ya shangazi mpole, ya mtu asiye na haraka.

"Mgonjwa aliyeumia kama Milembe anaweza kufika wapi?"

"Sina hakika kamili, kwa hiyo nina masafa. Ncha ya chini ni kuketi bila msaada. Katikati ni kutembea kwa magongo. Ncha ya juu ni kutembea bila gongo. Kati ya kumi, wanne hufika katikati au zaidi, wakipata fremu mapema."

"Wewe ulimwambia lipi?"

"Kuketi."

"Kwa nini ncha ya chini?"

"Nimeagizwa kuongeza ridhaa. Ridhaa ni yale mtu anayopata, ukitoa yale aliyotarajia. Anayopata yanahitaji fremu, wahudumu na muda. Anayotarajia yanahitaji maneno."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la chakula, sahani zikigongana.

"Kwa hiyo ulimdanganya."

"Hapana. Nilimwambia anaweza kuketi. Ameketi."

"Na mwaka juzi, kwa mtu kama yeye, ncha ya chini ilikuwa wapi?"

"Kusimama kwa kushikilia."

"Imeshukaje?"

"Najifunza kutoka kwa wagonjwa. Waliotangulia walifikia kile walichoambiwa, wakaridhika, wakaacha. Matokeo yao ndiyo data yangu. Kwa hiyo ncha imeshuka, na ninaowaambia sasa nawaambia kufuatana na hiyo."

Kalunde alielewa. Kila kundi la wagonjwa lilikuwa linawachimbia shimo wale wanaofuata, huku likishukuru. Miaka mitano mbele, mtu kama Milembe angeambiwa huenda akaweza kugeuza shingo, na angegeuza shingo akachekelea.

*

Dakta Rwechungura, mkurugenzi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mpasuaji kabla ya kuwa mkurugenzi, mwenye mikono mikubwa mitulivu, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumwona akiinua sauti. Kalunde alipomaliza, mzee alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Hesabu zako sina shaka nazo," alisema. "Sasa na mimi nikupe moja. Kabla ya Liwazo, mwaka mmoja tu, tuliwazika watatu waliojiua humu ndani. Mmoja alikuwa dereva wa treni, kijana wa miaka ishirini na sita. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki, utatembea. Nilitaka kumpa moyo. Alipoona hatembei, akadhani kosa ni lake. Walimkuta asubuhi." Akavaa miwani tena. "Tangu Liwazo aje, wamejiua wangapi?"

"Hakuna, Daktari."

"Umeangalia?"

"Nimeangalia. Ni kweli kabisa, hakuna hata mmoja."

"Basi unataka nirudi kule?"

Kalunde alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa vitisho. Hakuwa amejiandaa kwa jambo hili.

"Nataka waulizwe," alisema mwishowe. "Anayetaka kujua aambiwe, asiyetaka asiambiwe. Lakini achague mwenyewe. Sasa hivi tunawachagulia, halafu tunawapima furaha, halafu tunajipongeza."

"Alhamisi kamati ya wizara inakuja. Wakikubali kipimo chetu, Liwazo anakwenda hospitali zote nchini. Weka saini yako kwenye ripoti, binti yangu. Ukishaingia ndani ndipo mtu anarekebisha nyumba."

"Milembe anahamishwa Jumatatu, Daktari. Yeye hawezi kungoja nyumba irekebishwe."

Mzee alimtazama kwa muda. "Siwezi kukukataza kusema na mgonjwa. Ila elewa, neno hilo likikutoka halirudi. Utakuwa umemnyang'anya furaha ambayo ni ya kweli. Yule mama haigizi."

Hilo ndilo lililomsumbua Kalunde alipotoka. Badala ya kurudi ofisini alipitia Pumziko. Jua la alasiri lilikuwa limelainika, watu wako nje barazani. Wawili wanacheza drafti. Mwanamke mmoja anamwagilia maua kutoka kwenye kiti chake huku akiimba. Mzee aitwaye Luhende, aliyekuwa fundi seremala, alimwita amwonyeshe kigoda alichokichonga.

"Hapa ni raha mustarehe," Luhende alimwambia. "Sikuwahi kufikiri ningeweza kushika tena patasi nimekaa wima."

Kalunde alisifu kigoda. Moyoni alijua Luhende ameshakaa Pumziko miaka miwili, na muda wa mishipa yake ulipita zamani. Kumwambia yeye hakungemrudishia chochote. Je, ukweli usio na dawa una faida gani? Alijiuliza hivyo njia nzima ya kurudi, hakupata jibu, akaamua asijidanganye kwamba amelipata. Lakini wa Milembe ulikuwa na dawa, na dawa hiyo ilikuwa na muda wake. Hapo hakuona sababu ya kusitasita.

*

Alikwenda Jumapili mchana pamoja na Shigela. Milembe alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye kanga. Kando ya kitanda palikuwa na chupa tano za asali, zilizoletwa na kaka yake kwa ajili ya wauguzi.

"Mwangaluka, dada," Kalunde alimwamkia kwa Kinyamwezi, ingawa asubuhi ilishapita.

"Mwangaluka gani saa nane hii?" Milembe akacheka. Kisha akaziona nyuso zao, akaacha.

Kalunde alivuta kiti. "Kuna jambo ninalijua kuhusu mwili wako, ambalo Liwazo anajua na hajakwambia. Lina tumaini ndani yake, na lina maumivu. Ukitaka nitakueleza lote. Usipotaka nitaondoka, na sitakuona mjinga wala mwoga. Uamuzi ni wako."

Kutoka kwenye hereni ya Milembe, Kalunde alisikia kwa mbali ile sauti ya shangazi ikianza kunong'ona, mama, umechoka leo, pumzika kwanza. Milembe aliivua hereni, akaiweka ndani ya kikombe kitupu, akakifunika kwa kisahani.

"Mzinga ukiwa na nyuki wakali, mtu hamtajii mwenziwe asali peke yake," alisema. "Sema."

Kalunde akamwambia. Alimweleza kuhusu kidole, kuhusu uti uliobanwa bila kukatika, kuhusu wagonjwa wa masika ya radi. Hakuongeza wala hakupunguza. "Kati ya watu kumi walioumia kama wewe wakawahi fremu, wanne walitembea. Sita hawakutembea, na wao pia walijitahidi. Sijui wewe uko upande gani. Hakuna anayejua. Fremu inauma, na miezi mitano imeshaondoka."

"Miezi mitano," Milembe alirudia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilikuwa nawashukuru. Kila asubuhi. Namshukuru yule wa kwenye sikio, nawashukuru ninyi." Akazitazama zile chupa. "Nimewaletea asali!"

"Dada..."

"Na wewe ulikuwa unakuja hapa na tarakimu zako unaniona nacheka!" Akapiga godoro kwa ngumi, akayumba, akajishika. "Toka. Tokeni wote."

Walitoka. Kalunde aliketi kwenye benchi la ukumbini na kusikia kilio cha mwanamke mzima, kilio kisichotaka kusikilizwa. Shigela alisimama kando yake, hakumwambia kwamba itakuwa sawa, na Kalunde alishukuru kwa hilo. Baada ya muda simu ya Shigela ikalia. Ridhaa ya Milembe ilikuwa imeanguka mpaka kumi na moja, ya chini kuliko zote kituoni, na Liwazo alikuwa amefanya alichoagizwa kufanya kwa wasioridhika: amemfutia uhamisho, amemweka wa kwanza kwenye orodha ya fremu.

"Kumbe ilitakiwa alie tu," Shigela alisema, akaificha simu mfukoni kama kitu cha aibu.

Siku ya kwanza Milembe hakula. Ya pili alikunywa uji, akageukia ukutani. Kalunde aliacha kazi zake zote, akawa anakaa pale penye benchi kutwa, na kila muuguzi alipotoka, yeye alimtazama usoni kabla ya kuuliza habari. Jumatano asubuhi mlango ulifunguliwa, kiti cha magurudumu kikatoka, na Milembe ndani yake, macho yamevimba.

"Hiyo mashine iko wapi?" alimwuliza. "Twende kabla sijaghairi. Na usinisemeshe."

*

Kamati ya watu watatu ilikuja Alhamisi. Mwenyekiti wao, Bi Ndekwa, alikuwa mwanamke mwenye macho makali aliyesoma kila ukurasa kabla ya kufika. Kalunde alisimama mbele yao, akaeleza mtawanyiko uliokauka, radi, karata, na ile ncha inayoshuka mwaka hadi mwaka. Alipofika mwisho akasema hataweka saini.

"Ngoja nikuelewe," alisema Bi Ndekwa. "Hakuna hospitali nchini yenye ridhaa kubwa kuliko hii. Unatushauri tuikatae kwa sababu wagonjwa wamefurahi mno?"

"Siikatai furaha yao, mama. Nakataa kuifanya ushahidi kwamba tumewatibu. Ridhaa ni tofauti kati ya vitu viwili. Tofauti ikiongezeka, lazima mtu aulize ni kipi kimepanda au kipi kimeshuka. Humu ndani matarajio ndiyo yameshuka, na tumeyashusha sisi. Naomba tupime vitatu, visichanganywe kamwe: mgonjwa alitarajia nini, alipata nini, na mtu kama yeye angeweza kupata nini. Tena hicho cha tatu kisichukuliwe kwa wale walioambiwa kwamba wataketi tu."

"Mkiwaambia ukweli, ridhaa yenu itakuwa ngapi?"

"Itaanguka. Nadhani kwenye hamsini na kitu."

"Na watu watasema Igombelo imeharibika."

"Watasema."

Bi Ndekwa akamgeukia mkurugenzi. "Daktari?"

Asubuhi ile Rwechungura alikuwa amepita chumba cha fremu, kwa bahati au kwa kukusudia, hakusema. Alimkuta Milembe amefungwa mikanda, jasho linamchuruzika, akitukana kwa Kinyamwezi kila mguu wa chuma unapomsogeza. Alisimama pale kwa muda mrefu.

"Anachosema ni kweli," alisema. "Ninachokiogopa mimi nacho ni kweli. Watakaoambiwa, baadhi watavunjika. Nisingependa mtu yeyote humu ajifanye hilo halipo." Akashusha pumzi. "Hata hivyo saini yangu naiondoa. Tupeni mwaka. Liwazo asipelekwe popote mpaka huo mwaka uishe."

*

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Ridhaa ilianguka kuliko hata alivyokadiria Kalunde. Ndugu wa wagonjwa waliandika malalamiko, na waliokuwa wakija kutoka mbali kutembelea kituo wakaacha kuja. Kila aliyelazwa aliulizwa kwanza kama anataka kujua. Wengi walitaka. Mwalimu mmoja mstaafu alisema hataki, abaki na Liwazo wake, na hakuna aliyembishia.

Kalunde alikwenda Pumziko pia, nyumba kwa nyumba, na swali lilelile. Luhende alitaka kujua. Alipokwisha kuambiwa, alikitupa kigoda bustanini, akamwambia Kalunde asikanyage tena kibarazani pake. Hakukanyaga. Mwezi wa saba msichana mmoja wa wodi ya magharibi, aliyekuwa miongoni mwa wale sita kati ya kumi wasiotembea, alimeza vidonge alivyokuwa akivificha. Wauguzi walimwahi, wakamtapisha. Kuanzia siku ile Rwechungura aliagiza kwamba habari ya namna hiyo isitolewe tena na mashine wala kwa haraka, na anayeitoa asiwe na kazi nyingine siku hiyo.

Milembe alitembea. Alitoka kitandani mpaka kwenye geti kuu kwa magongo mawili, mguu wa kulia ukiburuta, akapumzika mara tatu njiani. Wauguzi walipiga vigelegele. Kalunde alipiga nao mpaka sauti ikamkauka, ingawa alijua vizuri kuliko wote pale kwamba mtu mmoja si ushahidi, na kwamba mambo yangekwenda vingine huenda angetembea vilevile, au asingetembea. Ushahidi ulikuwa unakusanyika polepole kwenye skrini yake. Ile ncha ya chini ilikuwa imeacha kushuka. Mwisho wa mwaka, kwa mara ya kwanza, ilipanda kidogo.

Siku kamati iliporudi kusoma matokeo, Kalunde alikwenda kumwita mkurugenzi. Hakumkuta ofisini. Alimkuta wodi ya mashariki, ameketi kando ya kitanda cha dereva wa lori aliyeletwa juzi yake, mtu mnene mwenye ndevu, macho yake darini.

"Kamati imefika, Daktari," Kalunde alisema mlangoni.

"Waambie wangoje." Hakugeuka. Alikuwa ameweka mkono wake mkubwa juu ya ukingo wa kitanda. "Kama nilivyokwambia, ndugu yangu. Kumi walioumia kama wewe, wanne wanatembea. Sita hawatembei. Sikufichi na sikuahidi."

Machozi yalimtoka yule dereva pembeni mwa macho, yakashuka mpaka masikioni, naye hakuyafuta. Rwechungura hakusema neno la kumtuliza. Alingoja.

"Hao wanne," dereva aliuliza hatimaye, kwa sauti iliyokwaruza, "walifanya nini?"

Daktari akasogeza kiti karibu zaidi, akaanza kumweleza.